Ripoti ya Ukaguzi Imekata Pointi Zako: Kutafuta Chanzo cha Makosa ya Logi katika Mashindano ya Redio ya Ridhaa

Miezi kadhaa baada ya mashindano, mwendeshaji aliyekesha usiku mbili mbele ya redio hupokea ripoti ya ukaguzi wa logi yake, yaani orodha ya vituo alivyowasiliana navyo, na kukuta pointi alizodai zimepungua kuliko alivyotarajia. Wengi wetu huku Mwanza huisoma ripoti hiyo kwa uchungu, kisha huiweka kando na kurudia makosa yale yale mwaka unaofuata. Hiyo ni hasara kubwa, kwa sababu ripoti hutaja kila mstari uliokataliwa na aina ya kosa lililouangusha, na karibu kila kosa lina dalili zinazoweza kufuatwa hadi kwenye chanzo chake.

Nitatumia zaidi kanuni za CQ World Wide, mashindano ya saa 48 yanayofanyika kwa sauti mwishoni mwa Oktoba na kwa Morse mwishoni mwa Novemba, kwa kuwa ndiyo yanayovuta vituo vingi zaidi. Humo, mawasiliano na kituo cha bara jingine huleta pointi 3, na ya nchi nyingine ndani ya Afrika huleta pointi 1. Ukiandika vibaya alama ya wito ya mwenzako (jina la kituo chake hewani, la herufi na namba), au mawasiliano yako yasipoonekana kabisa katika logi yake, unapoteza mawasiliano hayo na juu yake unakatwa mara mbili ya pointi zake. Kwa hiyo kosa moja na kituo cha Ulaya linagharimu pointi 9: 3 zinazofutwa na 6 za adhabu.

Chukua logi ya mawasiliano 600, yote ya pointi 3, yenye vizidishio 150, yaani nchi na maeneo ya dunia uliyoyapata, ambavyo huzidishwa na pointi. Dai lake ni 1,800 mara 150, yaani 270,000. Makosa 20 tu ya aina hiyo yanaondoa pointi 180, na hesabu inashuka hadi 1,620 mara 150, yaani 243,000. Ikiwa vizidishio vinne vilitegemea mistari hiyo iliyofutwa, unabaki na 236,520. Makosa yalikuwa mawasiliano 20 katika 600, lakini hasara imepita asilimia 12. Ili kuzirudisha pointi 180 ungehitaji mawasiliano 60 mapya, ambayo kwa mwendo wa moja kwa dakika ni saa nzima ya kazi. Upande wa pili, kumwomba mtu mmoja kati ya kila watano arudie alama yake, kwa sekunde nne kila mara, kungekugharimu dakika nane kwa mashindano yote. Sijaona hesabu yoyote ya kasi inayoshinda hiyo.

Kabla ya kutafuta chanzo, tazama mpangilio

Weka ripoti kando ya logi na uziangalie saa za mistari iliyokataliwa. Makosa yaliyofuatana, mstari kwa mstari, kwa nusu saa au zaidi, karibu daima yametokana na chombo: saa ya kompyuta, waya wa redio, mpangilio wa programu. Makosa yaliyotawanyika, moja hapa na jingine baada ya dakika arobaini, yametokana na sikio au vidole. Ukichanganya makundi haya mawili utatibu ugonjwa usiokuwepo. Nimewahi kumwona mwenzetu akinunua vipokea sauti vipya vya kichwani, ilhali tatizo lake lote lilikuwa saa ya kompyuta.

Dalili: mfululizo wa mawasiliano yasiyoonekana kwenye logi za wenzako

Anza na saa. Logi zote huandikwa kwa saa ya ulimwengu (UTC), ambayo iko nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Sisi tuna saa ya tatu pia, ile tunayoitumia mdomoni, na hapo ndipo akili ya mtu aliyechoka hupotelea. Kanuni ninayoifuata ni kuongeza tatu kwenye saa ya Kiswahili: saa tatu asubuhi ni 0600, saa sita mchana ni 0900, saa kumi jioni ni 1300. Mashindano huanza saa 0000 Jumamosi, ambayo kwetu ni saa tisa usiku wa kuamkia Jumamosi, na huisha 2359 Jumapili, yaani saa nane na dakika 59 usiku wa kuamkia Jumatatu.

Kosa la kawaida ni programu kudhani kwamba saa ya kompyuta tayari ni ya ulimwengu wakati kompyuta imewekwa kwa saa ya Mwanza, na logi nzima inasogea saa tatu mbele. Kosa la pili hujificha zaidi. Umeme unakatika, kompyuta kuukuu ambayo betri yake ndogo ya saa imekufa inawaka upya ikiwa na tarehe ya miaka iliyopita, na mwendeshaji, akiwa na haraka ya kurudi hewani, anairekebisha kwa kutazama saa ya mkononi. Tangu hapo kila mstari una saa ya nyumbani. Dawa ni kubadilisha betri hiyo kabla ya msimu, kuiacha kompyuta ijipangie saa kupitia intaneti, na kuitazama tena kila umeme unaporudi. Saa ikisogea kwa kiasi kile kile katika mistari yote na ukagundua kabla ya kutuma, unaweza kuisahihisha kwa pamoja, kwa sababu katazo la kusahihisha baada ya mashindano, nitakalolieleza mwishoni, linahusu alama za wito na taarifa zilizopokelewa (ripoti ya usikivu na namba ya kanda ambazo vituo hupeana).

Saa ikiwa sawa, tazama bendi, yaani kundi la masafa, ambalo hutajwa kwa mita. Ikiwa redio imeunganishwa na kompyuta, programu husoma masafa yenyewe, lakini muunganisho unapokatika programu nyingine hubaki na bendi ya mwisho bila kulalamika. Nilipoteza jioni moja hivyo: nilikuwa nimehamia mita 15 nikiwa na foleni nzuri ya vituo vya Ulaya, na logi ikaendelea kuandika mita 20. Chanzo kilikuwa mawimbi ya kisambazaji changu kuingia kwenye waya wa USB na kuukata. Pete za feraiti kwenye waya huo, na kuusogeza mbali na waya wa antena, vilimaliza tatizo. Kama huna pete hizo, jizoeze kutazama namba ya masafa kwenye skrini kila unapobadilisha bendi na kuilinganisha na ile ya redio.

Dalili: alama za wito zilizoandikwa vibaya, zimetawanyika, mashindano ya sauti

Hapa ndipo penye mengi, na sehemu yake kubwa inatuhusu sisi tunaozungumza Kiswahili kuliko mtu mwingine yeyote. Zipange alama ulizokosea katika safu mbili, uliyoiandika na iliyo sahihi, kisha utazame ni herufi zipi zimebadilishana. Ukiona E imekuwa I, A imekuwa E, au I imekuwa A, tatizo lako ni majina ya herufi. Anayetaja herufi kwa Kiingereza huiita E kwa sauti ambayo sikio letu linaisikia kuwa I, huiita A kwa sauti iliyo karibu na E yetu, na huiita I kwa sauti inayoanza na A. Kituo cha Hispania kinachoanza na EA kikitajwa kwa Kiingereza kinasikika "i-ei". Cha Ayalandi kinachoanza na EI kinasikika "i-ai". Mwandishi aliyechoka anaandika anachokisikia.

Ugumu unaongezeka kwa sababu Mhispania au Mwitaliano akitaja herufi kwa lugha yake, irabu zake zinafanana na zetu, na hapo kuandika unachosikia ni sahihi kabisa. Kwa hiyo sauti ile ile "i" inaweza kuwa E kutoka kwa mmoja na I kutoka kwa mwingine. Hakuna ujanja wa kuliepuka hili zaidi ya kutoikubali herufi iliyotajwa kwa jina lake tupu. Omba neno la alfabeti ya kimataifa, Echo kwa E, India kwa I au Alpha kwa A, na ikiwa kituo kinang'ang'ania kutaja herufi tupu, irudie wewe alama yake yote kwa alfabeti ya kimataifa na usubiri akubali.

Safu zako zikionyesha L na R, pengine ni mazoea ya matamshi yetu ya Kanda ya Ziwa, ambako wengi tumekulia katika lugha zisizozitenga sauti hizo mbili kwa namna Kiswahili sanifu kinavyozitenga. Lima na Romeo hazifanani hata kidogo, kwa hiyo tiba ni ile ile. Kilo na Quebec nazo huanza kwa sauti moja, na mwito ukikatwa na kelele baada ya silabi ya kwanza, ubongo hujaza iliyobaki kwa neno lililozoeleka zaidi.

Kuna chanzo kingine kinachovaa sura ya kosa la sikio nacho si la sikio. Programu za logi hubeba orodha ya alama za vituo vinavyoshiriki mara kwa mara, na ukiandika herufi mbili tatu hukuonyesha zinazofanana. Ni msaada mzuri, lakini ukikuta kwamba alama zote ulizokosea ni za vituo halisi vinavyojulikana, huku ulivyovisikia kweli vikiwa vituo vigeni visivyo katika orodha, ujue orodha ndiyo iliyoandika logi yako. Ninavyoona mimi, orodha ifae kuuliza swali tu: ikitofautiana na sikio, muulize mwenyewe alama.

Dalili ile ile katika Morse

Hapa safu mbili zitaonyesha herufi zinazotofautiana kwa nukta moja: S, H na 5, D, B na 6, U, V na 4, au zinazotofautiana kwa kistari kimoja, kama W, J na 1. Kwa kasi ya maneno 30 kwa dakika, nukta moja hudumu milisekunde 40, na pamoja na pengo lake ni milisekunde 80. Mpasuko mmoja wa radi unatosha kuimeza au kuiongeza. Kosa likiwa la upande mmoja, yaani daima unapunguza nukta, unapokea kwa kasi inayozidi uwezo wako; jibu kituo kwa kasi ndogo kidogo kuliko yake, na wengi watapunguza yao. Kosa likiwa la pande zote mbili, ni kelele, na nitalirudia hilo chini.

Sehemu ya ripoti inayoorodhesha vituo vilivyoiandika vibaya alama yako wengi huiruka kwa sababu haiwakati pointi. Naomba isirukwe. Kiambishi cha Tanzania, 5H, ni nukta tisa mfululizo, tano kisha nne, na kikifuatwa na 3 zinakuwa nukta kumi na mbili kabla ya kistari cha kwanza. Anayetusikia kwa mbali akipoteza nukta moja mwanzoni ameandika HH, ambayo ni Haiti. Akipoteza moja katikati ameandika 5S, ambayo ni ya Madagaska. Mwenzako huyo anakatwa pointi tisa kwa kosa ambalo nusu yake ni letu. Panua kidogo pengo kati ya 5 na H, punguza kasi ya alama yako kuliko ya sehemu nyingine za ujumbe, na usimalize mawasiliano mengi bila kuitaja. Kituo kinachojibu watu kumi bila kutaja alama yake huwaacha wakiitegemea skrini, inayoonyesha alama ambazo wengine wamezitangaza kwenye intaneti, na alama ya skrini huenda aliikosea mtu wa kwanza aliyeitangaza.

Dalili: kanda isiyo sahihi

Kanda ni eneo la dunia lenye namba, ambayo kila kituo huitaja katika taarifa yake. Kosa la kanda hufuta mawasiliano bila adhabu ya ziada, lakini mawasiliano hayo yamepotea vilevile. Chanzo kikuu ni kisanduku kinachojazwa na programu yenyewe. Marekani ina kanda 3, 4 na 5, na programu hukisia kutokana na namba iliyo katika alama ya wito. Mtu mwenye namba 6 ya California anayeishi Florida atakuambia 5 huku skrini ikisema 3. Ukibonyeza Enter bila kusikiliza, umeandika kisio la mashine. Ulaya nako, 14 na 15 hugawana vituo vingi sana, na katika Morse hufupishwa kuwa A4 na A5, A ikiwa badala ya 1.

Usitegemee ujirani. Sisi, Kenya na Uganda, tunaozunguka ziwa moja, tuko kanda ya 37, lakini Rwanda na Burundi ni 36. Na wakati wa kuandaa programu, hakikisha kanda unayoituma ni 37 kweli: katika mashindano ya Julai ya IARU (umoja wa kimataifa wa redio ya ridhaa) hutumika kanda za ITU (shirika la kimataifa la mawasiliano), ambako Tanzania ni 53, na mpangilio wa Julai ukibaki hadi Oktoba utautuma ujumbe usio sahihi kwa kila atakayekuita, na kuziweka taarifa za wenzako mashakani.

Dalili: mawasiliano yasiyoonekana, lakini yametawanyika

Kituo cha Tanzania ni kizidishio kinachotafutwa, kwa hiyo huitwa na wengi kwa wakati mmoja. Unasikia herufi mbili za mwisho, unazijibu, wanarudi wawili, unamwandika mwenye sauti kubwa, kumbe aliyemaliza mawasiliano na wewe ni yule mwingine. Logi yako ina jina la mtu ambaye hakukuandika. Chanzo ni kutuma taarifa kabla alama haijakamilika. Rudia alama nzima ya unayemjibu kila unapotuma taarifa, na akisahihisha, isome tena alama iliyosahihishwa kabla ya kusema asante. Akisahihisha wewe ukanyamaza, hajui kama umesikia, na mwangalifu ataifuta.

Wapo pia wanaodhani wamewasiliana nawe kumbe wamejibiwa na kituo kingine kwenye masafa yale yale. Hapo huna la kufanya zaidi ya kutaja alama yako mara kwa mara.

Marudio na vituo vya pekee

Mawasiliano yaliyorudiwa hayana adhabu. Yaache kwenye logi. Huenda mwenzako hakukuandika mara ya kwanza, na ukiyafuta unamnyima ushahidi wa mara ya pili. Vituo vya pekee, yaani vilivyoonekana kwenye logi yako tu, navyo havikatwi, ila vikiwa vingi ni dalili kwamba baadhi ni alama zilizokosewa ambazo mkaguzi hakuweza kuzithibitisha.

Dalili: makosa yanaongezeka usiku kwenye mita 160, 80 na 40

Oktoba na Novemba ni msimu wa vuli, na juu ya Ziwa Victoria ngurumo hujengeka zaidi usiku hadi alfajiri, upepo wa nchi kavu unapokutana katikati ya maji. Mwendeshaji aliye juu ya miamba ya Isamilo au Capri Point anaweza kuuona umeme ukimulika upande wa Ukerewe kwa saa kadhaa bila tone la mvua kwake, huku bendi za chini zikipasuka sikioni. Punguza unyeti wa mapokezi badala ya kuongeza sauti, finya kichujio, na uombe kila alama irudiwe mara mbili, hata ile unayodhani umeisikia vizuri, kwa sababu mpasuko haukuachii pengo la kukushtua. Unakuachia herufi kamili iliyo tofauti. Mita 40 ikiwa mbaya mno, ni afadhali kulala saa mbili. Na ngurumo ikikaribia mlima wako, chomoa antena na uachane na mashindano hadi ipite. Mlingoti juu ya jabali ni mwaliko wa radi.

Kabla ya kutuma

Kanuni hazikuruhusu, baada ya saa ya mwisho, kusahihisha alama wala taarifa kwa kutumia orodha, rekodi, barua pepe au kumuuliza mwenzako, na anayefanya hivyo anaweza kuondolewa mashindanoni. Kilichoandikwa wakati wa mawasiliano ndicho kinachokaguliwa. Ikiwa kuna mstari unaoujua kuwa haukukamilika, usiufute: katika faili la Cabrillo, muundo ambao logi za mashindano hutumwa nao, badilisha neno la mwanzo QSO kuwa X-QSO. Mstari utabaki kwa ajili ya kumlinganisha mwenzako, wewe hutapata pointi, wala hutakatwa.

Kisha soma vichwa vya faili. Ukitumia matangazo ya vituo kutoka intaneti, wewe ni wa kundi la wanaosaidiwa, hata kama ulitazama kwa dakika kumi. Nguvu ndogo ni hadi wati 100. Alama yako iandikwe kama ilivyo kwenye leseni ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) na kama ulivyoitumia hewani. Mwisho, teremka hadi mistari ya mwisho ya logi na utazame tarehe. Saa 48 za mashindano zina tarehe mbili tu, ya Jumamosi na ya Jumapili. Ukikuta mstari wenye tarehe ya Jumatatu, usitume bado, rudi kwenye saa ya kompyuta.